Mkono Mzima

Bibi alipozinduka hospitalini, lugha ya huku ilikuwa imemtoka yote. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya uso, na kana kwamba hayo hayatoshi, kikambebea na maneno aliyoyatumia zaidi ya nusu ya umri wake kununulia chumvi, kusalimia majirani na kugombeza mjukuu. Yakabaki maneno ya kule alikozaliwa. Hayo yalimtoka mazima kabisa, kwa sauti, wodi nzima ikisikia.

"Anasema nini?" nesi akauliza.

Mkwewe hakuelewa hata neno. Mjukuu wake, binti wa sekondari aliyekuwa ameshika chupa ya maji kifuani, naye hakuelewa, kwa sababu nyumbani lugha hiyo ilipigwa marufuku kabla hajazaliwa. Wote wawili wakamgeukia mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa amesimama upande wa miguuni, buti zake zina tope kwa sababu alikuwa ametolewa mtaroni akaja mbio. Alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, na alikuwa ameelewa kila kitu. Mama yake alikuwa amesema: mwanangu, nina kiu, na mbona chumba hiki kina baridi hivi?

Fundi akatupia jicho kitanda cha jirani. Pale alilala bibi mwingine, aliyevunjika nyonga, na pembeni yake ameketi mwanawe, mwanamke wa makamo mwenye miwani, anamenya chungwa. Fundi alimfahamu vizuri. Alikuwa mke wa Meneja wa idara ya maji. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya chungwa, na yeye pia alikuwa anangoja jibu.

"Sijui," Fundi akasema. "Anaweweseka tu. Ni ugonjwa."

Nesi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, akaenda kitanda kingine.

*

Kabla hujamtukana, msikilize kwanza yalivyomfika.

Kazini walimwita Mgeni. Alipoajiriwa, msimamizi wa wakati ule alijaribu kulitamka jina lake, ulimi ukamshinda, akacheka na kusema, "Wewe utakuwa Mgeni, basi." Msimamizi huyo alishastaafu, akafa, akazikwa, na jina likabaki. Vijana walioajiriwa juzi, ambao hawajui hata vali kuu ya mji iko wapi, nao walimwita Mgeni. Yeye aliitika na kucheka nao. Angefanya nini?

Alikuwa raia. Wazazi wake walikuja kwa kibali, baba akiwa mmoja wa mafundi walioitwa kujenga tangi la maji ambalo mji mzima unakunywa hadi leo, na muda wa sheria ulipotimia wakaomba uraia na kula kiapo. Mama alikikariri kile kiapo jikoni, huku anakoroga sufuria. Siku yenyewe ofisa alimrudisha mwanzo mara kadhaa kwa sababu ya matamshi, akimwambia aseme vizuri, hapa si sokoni. Mama akarudia, na kurudia, mpaka ofisa akachoka kucheka. Njiani kurudi alilia kwa furaha na kumnunulia mwanawe soda.

Marufuku ya lugha ilikuwa ya mama huyo huyo. Tangu siku za mwanzo kabisa, mtoto akijisahau kwenye foleni ya duka na kuropoka kitu kwa lugha ya kule, kiganja cha mama kilikuwa kinamfunika mdomo kabla hajamaliza. Kilinuka sabuni na vitunguu. Hakuwa akimpiga wala kumkaripia. Alimfunika tu, kwa nguvu, huku anatabasamu na kuwaangalia watu.

Sasa idara ilikuwa inapunguza watu. Wote wa mkataba waondoke mwisho wa mwezi, isipokuwa mmoja atakayepewa usimamizi wa kanda kwa ajira ya kudumu. Fundi alikuwa wa mkataba tangu alipoanza. Kila mara zamu ya kuthibitishwa ilipomkaribia, faili lake lilihitaji kitu kingine. Safari hii Meneja mwenyewe alimpendekeza, kwa kuwa hakuna aliyejua mabomba kama yeye. Fundi aliweza kusimamisha nondo barabarani, akaegemeza sikio kwenye ncha yake, akasikia maji yanayovuja chini ya lami hata malori yakiwa yanapita.

Basi ikaletwa barua isiyo na jina. Ilisema kwamba watu wa namna hii wakiwa nyumbani kwao wanaongea lugha yao, moyo wao uko huko walikotoka, na si busara kuwakabidhi maji ya mji. Utadhani Fundi angeyabeba mabomba mgongoni na kuvuka nayo mpaka.

Meneja alimwita, akamsomea ile barua, akaikunja.

"Nimewajibu wenzangu," akasema kwa fahari. "Nimewaambia huyu ni wetu kabisa. Hata hiyo lugha ya kule haijui. Au siyo?"

Neno dogo lile la mwisho ndilo lililommaliza. Fundi alikuwa na nafasi ya kusema, naijua bosi, ni lugha ya mama yangu, kuna ubaya gani? Alifikiria kodi ya nyumba. Alifikiria ada ya binti.

"Niliisahau utotoni, bosi."

Meneja akampiga bega. "Nilijua tu!"

Wiki haikuisha, mama yake akaanguka bafuni.

*

"Alisema nini mama?" mkewe alimbana nje ya wodi, kwenye karo la kuoshea vyombo.

"Ana kiu. Anasikia baridi."

"Ana kiu! Na wewe unasema anaweweseka?"

"Sema polepole basi. Hukumwona aliyekaa pale jirani?"

"Nilimwona. Mimi nilidhani umemwona na mama yako."

Fundi alifungua bomba la karo, akalifunga, akalifungua tena. Lilikuwa linavuja, na mikono yake haikujua kufanya kitu kingine. "Usaili ni kesho kutwa," akasema. "Nikimaliza tu, naenda kwa nesi namwambia kila kitu, na anayetaka kuninyonga aninyonge. Lakini nikisema leo, huyo mama atampigia mumewe simu kabla sijafika getini. Nitaonekana mwongo mbele ya mtu pekee aliyenisimamia."

"Si umedanganya kweli?"

"Wewe umezaliwa hapa. Hujawahi kuulizwa kwenu ni wapi na muuza mkaa, tena ukiwa na hela yake mkononi."

Mkewe alizaliwa hapa, ni kweli, na ndugu zake mwenyewe hadi leo walimwita shemeji yao "yule wa kule". Tena mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kupita asubuhi kuwajulia hali, kwa upole ule unaotisha. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Kesho kutwa," akasema. "Isizidi hapo, baba."

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. "Baba, nifundishe maneno machache tu," akaomba. "Maji. Maumivu. Choo. Nitakuwa namuuliza mimi."

"Ukitamka tu, watajua nani kakufundisha."

"Sasa nimhudumieje? Namwonyesha vitu kama bubu. Namnyanyulia chupa, anakataa. Namfunika shuka, analia."

"Endelea kumwonyesha," Fundi akasema, na aibu ikamfanya aseme kwa ukali.

*

Kesho yake walimwekea Bibi dripu kwenye mkono wa kushoto. Ndio uliokuwa umebaki mzima. Fundi alipofika na chakula cha mchana, mama yake alikuwa anahangaika, anautikisa ule mkono, na kichwa hakitulii kwenye mto.

Alipomwona mwanawe alitulia ghafla, akasema kwa lugha ya kule, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mpita njia: sindano imetoka mahali pake. Dawa inaingia kwenye nyama. Mkono unaungua, mwanangu. Waambie.

Nesi akaja. "Ndiye huyu! Tangu asubuhi anataka kuchomoa dripu."

"Labda mkono unamuuma," Fundi akasema.

"Umejuaje?"

Mke wa Meneja alishusha miwani.

"Nahisi tu," Fundi akajibu.

"Basi baba, kazi ya kuhisi tuachie sisi. Wote waliochanganyikiwa wanachomoa dripu." Nesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi nzima peke yake na miguu imemvimba. Alichukua kipande cha ubao, akauegemeza mkono juu yake, akauzungushia bendeji toka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, kisha akaufunga kwenye chuma cha kitanda. Sasa hakukuwa na ngozi ya kuonekana ila ncha za vidole, wala mkono wa kutikisika.

"Pole sana, baba," mke wa Meneja akasema baada ya nesi kuondoka. Alimpa kipande cha chungwa, na Fundi akakipokea kwa mikono miwili. "Mume wangu ameniambia habari zako. Anakusifu! Tena nimefurahi kusikia wewe hiyo lugha huijui. Maana kuna watu, jamani, mtu amepewa uraia, amepewa kila kitu, lakini ukipita dirishani kwake utadhani umevuka mpaka. Sasa hiyo si kutudharau?"

"Ni kweli, mama," Fundi akasema, chungwa likiwa mdomoni.

"Na huyu mama naye, miaka yote hiyo! Angalau nyinyi watoto mmekuwa watu."

Bibi alikuwa anamtazama mwanawe. Alimtazama anavyotafuna, akamtazama yule mwanamke, akarudisha macho kwa mwanawe. Kiharusi kilikuwa kimemwibia maneno ya huku, lakini akili hakikuigusa, na sura ya mtu anayeogopa aliifahamu vizuri kuliko sura yake mwenyewe kwenye kioo. Alifumba mdomo. Hakusema tena, siku hiyo wala usiku wake, na wala hakulia.

"Umeona? Ametulia," mke wa Meneja akasema.

Fundi alijiambia kwamba dripu imekaa sawa. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi kazini. Mtu aliyeweza kusikia maji chini ya lami alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe, na alijua.

*

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na watu watatu nyuma yake. Kwa mwombaji kulikuwa na kiti kimoja kilichopungua mguu, na Fundi alilazimika kukikalia nusu. Meneja alikaa pembeni, anamtolea macho ya kumtia moyo.

Waliuliza mambo ya mabomba kidogo sana. Mwenyekiti, mzee mnadhifu mwenye tai, alipekua faili.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa, mheshimiwa."

"Hapa naona. Nauliza asili."

Fundi akatoa cheti chake cha uraia. Aliishi nacho kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni, kama wengine wanavyotembea na dawa ya pumu. Mwenyekiti hakukipokea. Alikitazama kikiwa mkononi mwa mwenyewe.

"Cheti tunajua unacho," akasema. "Mambo ya cheti ni ya serikali. Sisi tunaangalia mtu."

"Hata lugha ya kule haijui, mwenyekiti," Meneja akadakia. "Nilikueleza."

"Ulinieleza."

Yule mzee akaweka faili chini. Alikunjua mikono juu ya meza, akatabasamu, na kwa sauti ya upole kabisa akasema maneno machache kwa lugha ya kule. Kumbe alifanya kazi huko ujanani, na lugha aliijua barabara, lafudhi na yote. Alisema: nimesikia mama yako yuko kitandani, Mungu amponye, anaendeleaje?

Tangu baba yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Fundi hali ya mama yake kwa lugha hiyo. Jibu lilikuwa ulimini, tayari, pamoja na heshima inayopewa mtu mzima. Alikaza shingo. Alimtazama mzee usoni kwa macho makavu ya mtu asiyeelewa, akajitahidi hata kope zisicheze.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Sijakupata."

"Si kitu," mzee akasema, akaandika.

Meneja alipumua kwa raha. Fundi alitoka pale akiwa na hakika kwamba ameshinda.

*

Majibu alipewa asubuhi ile ile, uwanjani, karibu na rundo la mabomba ya plastiki. Hakukaribishwa hata ofisini.

"Si kwamba hukufaa," Meneja akaanza, na Fundi akajua.

"Wamempa nani?"

"Spana." Spana alikuwa mmoja wa wale vijana wa juzi, hodari wa kusimulia mpira. "Ni kijana, atajifunza. Unajua mwenyekiti... mimi nilikupigania, Mungu shahidi. Lakini alisema, mtu anayeweza kuisahau lugha ya mama yake mzazi, sisi atashindwaje kutusahau? Alisema alikuangalia usoni akaogopa."

Lori la idara liliingia, likageuza, likatoka. Fundi alingoja kelele ziishe.

"Na kama ningesema naijua?"

"Ah, hapo usingefika hata kwenye usaili!" Meneja akacheka. Kisha akasikia alichokisema, cheko likamfia, akaanza kujipapasa mifuko kama mtu aliyepoteza funguo. "Dunia ina mambo, Mgeni. Siku hizi chache zilizobaki, naomba umwelekeze kijana. Mfundishe kidogo kusikiliza na ile nondo yako."

Spana alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa ameshaishika.

*

Hospitalini Fundi alikuta mkewe anamfokea nesi. Binti alikuwa amekaa sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye chuma cha kitanda. Ni yeye aliyeona ncha za vidole vya bibi yake zimevimba na kuwa nyeusi, akaifungua bendeji kwa meno kwa kuwa fundo lilikaza. Harufu ndiyo iliyowaleta manesi mbio.

Daktari alikuwa amekwisha kupita. Dawa ilikuwa imemwagika ndani ya nyama tangu jana mchana, imeiunguza. Vidole viwili vilikuwa vimekufa, na vilivyobaki havikuwa na ahadi. Wakamsafisha, wakauzungushia mkono bendeji nene nyeupe, safari hii bila kuufunga kitandani, wakasema mchana watampeleka kukatwa vidole.

"Mkono wake mzima!" mkewe alimwambia Fundi, machozi yanamshuka. "Ndio mkono aliokuwa amebakiwa nao. Atashika kijiko na nini?"

"Hakusema," nesi alikuwa anarudia, yeye mwenyewe amepauka. "Jamani, mimi ningejuaje? Angekuwa na mtu wa kutuambia..."

"Alisema," Fundi akasema.

"Alisema lini?"

"Jana. Alisema sindano imetoka, mkono unaungua. Alisema niwaambie."

Nesi akamtazama. Mke wa Meneja naye akamtazama, na wagonjwa walioweza kuinua vichwa wakainua.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaelewa?" nesi akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na afadhali angekasirika.

Fundi hakuwa na kitu tena cha kuficha. Kazi imekwenda, mwezi unakwisha, na ukweli ambao juzi ungemgharimu kila kitu leo haukuwa na bei. Ndiyo maana ulikuwa rahisi kuusema, na aliuonea kinyaa urahisi huo. Binti yake alikuwa amenyanyua uso toka sakafuni, anamwangalia kama anavyoangaliwa mtu usiyemjua aliyeingia chumbani kwenu bila kubisha hodi.

Alipiga magoti kando ya kitanda, karibu na sikio la mama yake. Hakunong'ona. Alisema kwa lugha ya kule, kwa sauti ya kawaida, kila mtu asikie: mama, ni mimi, nisamehe, nimekuja, niambie unaumwa wapi. Maneno yalitoka yamekwaruza, ya mtoto mdogo, kwa kuwa hakuwahi kuyatumia akiwa mtu mzima.

Bibi alifumbua macho.

Hakufurahi. Alishtuka. Jicho lake zima lilikwenda mbio kwenye mlango, likaenda kwa nesi, likaenda kwenye kitanda cha jirani ambako kisu kilikuwa kimesimama tena juu ya tunda, na watu wote wale wanamtazama mwanawe. Nusu ya uso iliyokuwa hai ikajitahidi kuwatabasamia.

Fundi aliendelea kuongea. Ndipo mama yake alipounyanyua ule mkono, polepole, huku anaguna kwa maumivu na bendeji inaanza kulowa, akauleta mpaka usoni kwa mwanawe. Akamfunika mdomo, akaukandamiza hapo kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Ulinuka dawa. Fundi akanyamaza.